Uzamili wa Muziki kwa Mtu wa Katonga: Yanayotakiwa Hadi Uvae Joho

Kijana wa Kigoma anayetaka kusoma muziki hadi uzamili huuliza kwanza habari za kuingia: GPA inayotakiwa, ada, barua za wadhamini ziandikwe na nani. Nakuomba uanze na mlango wa kutokea. Chukua mwongozo wa chuo unachokitamani, ruka kurasa za udahili, tafuta sehemu inayoeleza mwanafunzi atatunukiwa shahada akiwa amekamilisha nini. Isome hiyo kabla hujalipia fomu. Masomo ya darasani yana ratiba na mwalimu wa kukusukuma. Baada ya hapo unabaki peke yako na tasnifu, na hapo ndipo watu wenye vipaji vikubwa vya muziki wanapopotelea.

Namwandikia msomaji wa mwambao wa Kigoma, wa Katonga, Bangwe, Ujiji au Kibirizi, mwenye shahada ya kwanza, labda mwalimu wa sekondari, labda afisa utamaduni, labda mwalimu wa kwaya aliyepitia Makumira au Mlimani. Una jambo ambalo mwenzako aliyekulia mjini hana: muziki wa kuandikia tasnifu unao nyumbani. Lakini hilo halitakusaidia mpaka ulipange kwa masharti ya chuo, ya serikali na ya Ziwa Tanganyika.

Shahada imejengwaje

Vyuo vikuu vya Tanzania vinafuata mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wenye ngazi 10. Uzamili ni ngazi ya 9, na kima chake cha chini ni krediti 180. Krediti 1 ni saa 10 za kazi. Piga hesabu: ni saa 1,800, zikiwemo za darasani, za maktaba, za mazoezi, za kurekodi na za kuandika. Ukisoma saa 40 kwa wiki, hiyo ni kazi ya wiki 45 bila kupumzika. Ukiwa unafundisha na unaweza kutoa saa 20 tu, ni wiki 90. Kwa hiyo mtumishi wa umma anayesema atamaliza kwa mwaka mmoja huku yuko kazini hajafanya hesabu hii. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako mapema, kwa maandishi, na utunze nakala ya jibu.

Njia za kuhitimu ni tatu. Ya kwanza ni tasnifu pekee: huna kozi nyingi, unafanya utafiti mkubwa na kuutetea. Ya pili ni kozi pamoja na tasnifu fupi zaidi, nayo ndiyo inayowafaa wengi katika vyuo vyetu. Ya tatu ni ya wapigaji, waimbaji na watunzi: unahitimu kwa onesho au kwa mkoba wa tungo zako, pamoja na andiko linaloeleza ulichokifanya. Hii ya tatu imezoeleka zaidi Ulaya na Marekani. Huko kuna shahada iitwayo Master of Music, ambayo kwa mpigaji humtaka jukwaani kwa takriban saa nzima mbele ya jopo, na Master of Arts, ambayo ni ya utafiti. Usizichanganye unapoomba. Idara kadhaa za Marekani humpima pia mwanafunzi mgeni katika nadharia na historia ya muziki wiki ya kwanza tu, na akipungukiwa huongezewa kozi zisizohesabiwa kwenye shahada. Upande wa utafiti wapo wanaotaka uthibitishe kwamba unaweza kusoma lugha nyingine ya kitaaluma zaidi ya Kiingereza. Kama Kifaransa ulikisikia tangu utotoni kwa jirani kutoka Uvira au Bujumbura, kinoe sasa.

Karibu na nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kina Idara ya Sanaa Bunifu katika Ndaki ya Insia. Huko wamefundisha na kutafiti wanamuziki wasomi kama Imani Sanga na Kedmon Mapana. Makerere ilianzisha idara ya muziki, ngoma na tamthilia mwaka 1971. Kenyatta, nje kidogo ya Nairobi, ina idara ya muziki na ngoma. Ukielekea Kenya, jua kwamba miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya nchi hiyo ya mwaka 2014 ilimwekea mwanafunzi wa uzamili sharti la kuchapisha angalau makala moja katika jarida lenye wahakiki. Ni miezi ya ziada hiyo, na wengi huigundua wakishafunga tasnifu.

Mimi ningekushauri ile njia ya pili, kozi na tasnifu. Tasnifu pekee inamfaa mtu ambaye tayari ana miaka ya utafiti na daftari zilizojaa. Wewe unahitaji kwanza mwaka wa kusoma nadharia, mbinu za utafiti na maandishi ya wenzako wa Afrika, ili ukirudi Katonga usikusanye nyimbo bila kujua unatafuta nini.

Kuna njia ya nne ambayo watu hawaifikirii. Kama kinachokuvutia ni maneno ya nyimbo kuliko sauti na midundo, si lazima uwe idara ya muziki. Nyimbo ni fasihi simulizi. Uzamili wa Kiswahili katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, hapo Mlimani, unakuruhusu kuandika tasnifu yako kwa Kiswahili. Chuo Kikuu Huria kina kituo Kigoma, na nacho hutoa uzamili wa Kiswahili. Mama mwenye watoto anayeishi Ujiji anaweza kuyachunguza mashairi ya kwaya au ya maulidi bila kuhamia Dar es Salaam. Muziki wenyewe utautaja kidogo, lakini utahitimu na shahada halali juu ya jambo unalolipenda.

Alama, na noti

Katika shahada ya kwanza C ni kufaulu. Kwenye uzamili, kwa kawaida ya vyuo vyetu, C ni kufeli: kozi inafaulwa kuanzia B. Mtu hushtuka muhula wa kwanza. Jua pia ni mara ngapi chuo chako kinaruhusu kurudia kozi kabla ya kukuondoa.

Hapa kwetu kozi inayoangusha wengi ni nadharia ya Magharibi na uandishi wa noti. Waliolelewa na kwaya za makanisa wanasoma do, re, mi kwa wepesi mkubwa, maana mfumo huo wa sol-fa, uliosambazwa na John Curwen wa Uingereza karne ya 19, ndio uliokuja na wamisionari na ndio unaopigwa chapa kwenye vitabu vya kwaya hadi leo. Ni mfumo mzuri. Lakini chuoni utasoma na kuandika kwa mistari mitano, na mtahini hatakusubiri. Miezi sita kabla ya kuanza, chukua nyimbo za kwaya yako unazozijua kwa moyo na uziandike upya kwa mistari mitano, moja kila wiki. Programu ya MuseScore ni ya bure, na itakuchezea ulichoandika ili sikio lako likusahihishe.

Mistari mitano nayo haitoshi. Ngoma yenye wapigaji watatu wanaopishana huandikika vizuri zaidi kwa vijisanduku vya muda, ambapo kila kisanduku ni pigo dogo kabisa na alama inaonesha nani amepiga na kwa mkono gani. Mfumo huo ulibuniwa na Philip Harland miaka ya 1960 huko Los Angeles kwa ajili ya ngoma za Afrika Magharibi, na watafiti wa bara zima wameutumia tangu hapo. Kwa vyombo vya nyuzi tatizo ni jingine: nyuzi za zeze hazifuati kinanda. Tangu mwaka 1885, Alexander Ellis alipopendekeza oktava igawanywe vipande 1,200 viitwavyo senti, unaweza kusema waya huu uko senti kadhaa juu ya ule, bila kulazimisha kuuita fa au sol. Sonic Visualiser, programu nyingine ya bure, itakupimia.

Kama unaongea Kiha una faida ya ziada. Kiha ni lugha ya toni, sauti ya neno ikipanda au kushuka maana hubadilika. Sikiliza wimbo wa Kiha, uangalie kama mtunzi anaifuata toni ya maneno au anaivunja, na wapi. Swali hilo peke yake linatosha tasnifu nzima, na mtafiti asiyeijua lugha hawezi hata kuliona.

Punguza mada

"Muziki wa Kigoma" si mada. "Muziki wa Waha" si mada. Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Makerere aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2005, juu ya ngoma moja ya Baganda iitwayo baakisimba, akiuliza swali la wanaume na wanawake ndani yake. Terence Ranger mwaka 1975 aliifuata ngoma ya beni peke yake, akapata historia ya jamii ya Afrika Mashariki. Mapana amekaa miaka na muziki wa Wagogo, watu wake mwenyewe. Wewe unataka kurasa kama mia moja tu. Chukua kitu kidogo ambacho unaweza kukimaliza.

Angalia kilichopo. Ujiji ni mji wa Waislamu wa tangu enzi za misafara, wenye maulidi na dufu, na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika hapo mwaka 1879. Manyema, Waha, Wabembe, Wagoma, Wabwari na Watongwe wamekaa mwambao huu pamoja, wakisikilizana na kuazimana ngoma. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na kuifungulia njia ya moja kwa moja hadi pwani. Ng'ambo ya mpaka kuna ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, na Warundi wamekuja nazo hadi kwenye kambi za wakimbizi upande wetu. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walikusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo Leka Dutigite. Kila kimoja kati ya hivyo kina tasnifu kumi ndani yake.

Sasa kipunguze. Kwaya moja ya mwambao na namna inavyotunga nyimbo mpya. Kikundi kimoja cha dufu, na jinsi vijana wanavyofundishwa. Nyimbo zinazoimbwa kazini mwaloni na wakati ambapo haziimbwi. Bongo Fleva ya kijana wa Katonga anayerekodi chumbani kwake, na sehemu za muziki wa wazazi wake anazozibakiza. Andika swali lako kwa sentensi moja, umsomee mtu asiye msomi wa muziki. Akikuuliza, "Sasa utajuaje jibu?", na ukaweza kumweleza bila kuhema, uko tayari kuandika pendekezo la utafiti.

Kabla ya pendekezo, tafuta kilichokwisha kurekodiwa. Hugh Tracey alirekodi muziki Tanganyika mwaka 1950, na kazi zake ziko International Library of African Music, taasisi aliyoianzisha mwaka 1954, sasa iko Makhanda, Afrika Kusini. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yameingiza kwenye kompyuta rekodi nyingi za Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa mtu wa Katonga huo si muziki wa mbali, ni wa majirani na mara nyingi wa shangazi zake. Kanda za Redio Tanzania zilizohifadhiwa TBC nazo ni hazina. Mtahini akikuta hukuzitaja atauliza kwa nini.

Vibali, na kalenda ya ziwa

Pendekezo lako litapita semina ya idara, kisha ndaki, kisha kurugenzi ya masomo ya uzamili. Kila hatua ina marekebisho yake. Likishapita, ndipo unapewa kibali cha utafiti. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupewa barua na chuo chenyewe kwa niaba ya Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Anayesoma nje ya nchi aombe COSTECH mapema, hata kama ni mzaliwa wa hapa, maana kuzaliwa Katonga hakuhesabiki kuwa kibali.

Barua inaanza kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Kigoma. Kutoka hapo inashuka wilayani, kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma/Ujiji, kwa Mtendaji wa Kata, na mwisho kwa Mwenyekiti wa Mtaa. Kila ofisi itatoa barua yake au kugonga muhuri. Nenda na nakala nyingi. Usiruke ngazi kwa sababu mwenyekiti ni baba yako mdogo: barua hizi huingia kwenye viambatisho vya tasnifu, na kamati ya maadili inaweza kuziulizia. Kama utarekodi mwaloni, jitambulishe pia kwa uongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia rasilimali za uvuvi pale ufukweni. Hawa ndio wanaojua nani yuko ziwani na nani yuko nchi kavu.

Chuo kitakupa ratiba yake. Ziwa lina yake. Uvuvi wa dagaa ni wa taa, na taa zinahitaji giza. Siku za mbalamwezi mitumbwi hupumzika, nyavu hushonwa, na watu wana muda wa kuongea. Ukitaka kuhoji wavuvi, panga mahojiano siku hizo. Ukitaka kurekodi kazi yenyewe, panga wakati wa giza, na ukubali kwamba mtu aliyekesha ziwani hatakuimbia saa nne asubuhi, atalala. Akina mama wanaoanika dagaa, kinyume chake, wana kazi nyingi asubuhi ile ile mitumbwi inaporudi. Halafu mwaka 2024 serikali ilipumzisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwanafunzi aliyepanga likizo ndefu ya chuo kuwa msimu wa kurekodi nyimbo za kazi angekuta mwalo umenyamaza. Uliza mapema kuhusu tarehe za kufunga, na uziandike ndani ya pendekezo lako pamoja na awamu za mwezi. Kamati itaona unajua unachokifanya, na ukiomba muda wa ziada utakuwa na hoja.

Ramadhani, Kwaresima, mavuno na misimu ya harusi vina uzito ule ule. Muziki hauimbwi kwa sababu mtafiti amefika.

Ukishika kinasa sauti

Usikitoe siku ya kwanza. Nenda kwa wazee, toa shikamoo, eleza wewe ni mtoto wa nani, unasoma wapi na unataka nini. Watakuuliza nyimbo zitakwenda wapi. Uwe na jibu la kweli: zitasikilizwa na watahini, zitawekwa maktaba, nakala itarudi kwao. Usiahidi redio wala fedha za mauzo. Ridhaa unaweza kuichukua kwa saini, au kwa sauti iliyorekodiwa kwa asiyetaka karatasi. Mtoto anaridhiwa na mzazi.

Kuna kipengele kimoja cha fomu za maadili ambacho nakuomba ukipiganie. Fomu nyingi zimeigwa kutoka utafiti wa afya, na zinakutaka ufiche majina ya washiriki. Kwenye muziki, kumficha mtunzi ni kumnyang'anya kazi yake. Weka mahali pa kuchagua: mwimbaji aseme kama anataka jina lake litajwe au lifichwe. Wengi wa wanaotunga watataka litajwe, na wana haki hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda tungo zao na hata sanaa za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana. Upande wa pili, zipo ngoma za mizimu na za unyago ambazo wenyewe watakuambia usikie ila usitoe nje. Ukikubali kusikia, umekubali na kunyamaza. Ziache nje ya kiambatisho hata kama zingekupa alama.

Rekodi kwa WAV, siyo MP3, angalau kilohezi 48 na biti 24, kiwango kinachokubalika kwenye hifadhi za sauti. Saa moja ya stereo kwa kiwango hicho inakula karibu gigabaiti 1, kwa hiyo nunua kadi za kutosha kabla ya kuondoka mjini. Kinga kinasa sauti dhidi ya upepo wa ziwa kwa manyoya yake maalumu, na ujitenge na injini. Kila jioni nakili mara tatu: kompyuta, diski ya nje, na nakala ya tatu ikae nyumba nyingine. Taja kwa sauti yako mwanzo wa kila rekodi: tarehe, mahali, nani anaimba, wimbo gani. Baada ya miezi minane hutakumbuka.

Kisha punguza tena. Kuandika noti za dakika moja ya wimbo wa sauti nne na ngoma mbili kunaweza kukumalizia siku. Chagua nyimbo tano au sita zinazojibu swali lako, uziandike zote kikamilifu. Nyingine zibaki kwenye orodha. ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, itakusaidia kupanga maneno, tafsiri na vitendo vya wachezaji chini ya video moja.

Msimamizi aliye kilomita elfu moja na zaidi

Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Hutakwenda kila sura. Kabla ya kurudi nyumbani kaa na msimamizi wako mkubaliane: utatuma nini, kila baada ya muda gani, naye atajibu ndani ya siku ngapi. Yaandike kwa baruapepe baada ya mazungumzo ili yabaki. Tuma kurasa chache mara kwa mara kuliko sura tatu kwa mkupuo. Akichelewa, mkumbushe kwa heshima, tena na tena. Yeye ana wanafunzi wengi na wewe una ada inayohesabika.

Jisajili kila mwaka hata kama uko kijijini na hujaingia darasani, na ujaze ripoti za maendeleo kwa wakati. Nimeona watu waliomaliza kozi zote na kurekodi vizuri, wakakaa kimya miaka miwili, na waliporudi na tasnifu wakaambiwa usajili umekwisha. Ukiugua, ukijifungua au ukikosa ada, omba kuahirisha kwa barua. Anayeahirisha kwa barua hupokelewa akirudi. Aliyetoweka huanza kuomba upya.

Kuwasilisha na kutetea

Miezi michache kabla ya kuwasilisha, vyuo vingi hutaka utoe taarifa ya kusudio ili watahini watafutwe. Watu huisahau, na tasnifu iliyokamilika inakaa mezani ikimngoja mtahini wa nje ambaye hajateuliwa. Tasnifu itapitishwa pia kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi. Nukuu zako ziwe na alama zake, na maneno ya nyimbo yaelezwe wazi kuwa ni ya nani. Rekodi zitajwe kwenye orodha yake, mbali na vitabu: mwimbaji, mahali, tarehe, urefu, nani alirekodi. Sauti zenyewe ziambatishwe, na kila moja iwe na namba ile ile iliyotumika ndani ya matini. Mtahini wa nje akisoma uchambuzi wa mfano wa 4 na asiupate, anapoteza imani na mifano yote.

Siku ya utetezi, cheza muziki ndani ya dakika mbili za mwanzo. Jopo linaweza kuwa na mtu wa fasihi, wa historia au wa tamthilia, ambaye hajawahi kusikia kitu chochote cha Katonga. Akisikia kwanza, maswali yake yatakuwa bora. Jiandae kwa swali ambalo wazawa huulizwa daima: umejuaje kwamba hukupamba mambo ya kwenu? Jibu kwa mbinu zako: uliwahoji akina nani wasiokubaliana, uliwarudishia wenyewe tafsiri yako wakasema nini, wapi walikukosoa. Wapo walioimba kwaya ile ile miaka ishirini na hawaafikiani juu ya nani alitunga nini. Lete tofauti hiyo mezani. Inaonesha ulisikiliza.

Matokeo huwa kupita, kupita na marekebisho, au kurudishwa. Marekebisho ndiyo ya kawaida. Yafanye ndani ya muda uliopewa, na uandike jedwali: hoja ya mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Jedwali hilo huokoa wiki za mabishano.

Karatasi za mwisho

Baada ya marekebisho kuna kujalidi nakala ngumu kwa rangi na maandishi ambayo chuo kimeagiza, nakala ya kielektroniki kwa maktaba, na fomu ya kutodaiwa inayopita maktaba, uhasibu, bweni na idara. Kitabu kimoja ulichoazima kinaweza kukuzuia. Angalia jina lako: liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Kama umeolewa na ukabadili jina, au kama Ujiji wanakujua kwa jina la babu lisilo kwenye vyeti, malizia suala hilo kisheria mwaka wa kwanza, siyo wiki ya mahafali. Seneti ikishaidhinisha, umehitimu. Joho ni la kukodi, na usipoweza kusafiri cheti utakifuata baadaye.

Nakala za rekodi za Katonga zipeleke wakati huo huo unapojalidi tasnifu, kwenye kadi ndogo zinazoingia kwenye simu, maana hakuna atakayecheza CD. Mpe kila kikundi cha kwake, na nakala moja ya zote, isipokuwa zile ulizoombwa kuzifunga, iende shule ya sekondari au maktaba inayokubali kuzitunza.

Kisha chukua sura moja, ile iliyosifiwa na mtahini wa nje, uifanye makala. Jarida la African Music limekuwa likitoka tangu mwaka 1954, na TATAKI ina majarida ya Kiswahili na Mulika kwa anayeandika juu ya maneno ya nyimbo. Itume ndani ya mwaka mmoja baada ya kuhitimu, ungali unakumbuka kila sauti iko kwenye faili gani.